Tumbo la mwanajeshi halikustaafu

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu alistaafu jeshi miaka tisa iliyopita. Tangu arudi kutoka vitani hajawahi kuwa mzima kabisa. Viungo vinamuuma, anachoka kabla ya saa sita mchana, usingizi wake ni wa mang'amung'amu, na tumbo leo linaharisha, kesho limefunga. Vipimo vinatoka safi. Daktari mmoja alimwambia ni mawazo tu, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za hospitali. Nimesoma kwamba bakteria wa tumboni ndio chanzo. Ni kweli? Nimpe nini ale?
Binti wa Sajenti

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu baba yako amenikumbusha kaka yangu, Mungu amrehemu. Naye alikuwa mwanajeshi. Alikula amesimama, sahani kiganjani, kijiko hakipumziki, na dakika nne nyingi amemaliza. Jioni nilimwona akilegeza mkanda kwa siri chini ya meza, tundu la kwanza, kisha la pili, tumbo limemjaa kama ngoma. Mimi wakati huo tayari nilikuwa napanga vyakula vya wagonjwa wodini, na sikumuuliza. Hilo linaniuma hadi leo. Kwa hiyo wewe umefanya vema kuuliza.

Kwanza tuliondoe hilo neno "mawazo". Katika vita vya Ghuba, vile vya kupambana na Iraki mwaka 1990 na 1991, Marekani ilipeleka askari karibu 700,000. Wengi walirudi na maradhi yanayofanana sana na ya baba yako: uchovu, maumivu, kusahausahau, tumbo lisilotulia. Kwa miaka mingi waliambiwa ni msongo tu. Mwaka 2008 kamati ya uchunguzi iliyoundwa na serikali yao ilitamka kwamba ugonjwa ule ni wa kweli, na kwamba umempata angalau mmoja katika kila wanne. Lawama kubwa iliangukia viuadudu na vidonge walivyomeza kujikinga na gesi ya sumu.

Tumbo linaingiaje hapo? Askari zaidi ya 2,000 walihojiwa wakiwa kulekule jangwani, na zaidi ya nusu walikuwa wameshaharisha angalau mara moja. Sasa, ukishaugua kuharisha kukali kwa maambukizi, takriban mtu mmoja kati ya kumi hubaki na utumbo mwepesi wa kushtuka hata baada ya vijidudu kuondoka. Ongeza antibiotiki, ambazo huua wabaya na wema pamoja. Ongeza miezi ya nyama ya kopo na biskuti ngumu, na usingizi wa kuruka. Panya waliopewa kemikali zilezile za Ghuba walionekana bakteria wao wakibadilika na ukuta wa utumbo ukianza kuvuja.

Ukuta huo una safu moja tu ya chembe hai, juu yake ute. Bakteria wema hula nyuzinyuzi za vyakula vya mimea, na mabaki yao ndiyo yanayozilisha zile chembe. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi yao hugeukia ule ute na kuula. Vitu visivyostahili vikipenya, kinga ya mwili inapiga king'ora mchana na usiku, na huenda mtu akaumwa viungo wakati kasoro iko tumboni. Lakini usiseme bakteria ndio chanzo. Ni pete moja katika mnyororo, ila ndiyo ambayo mkono wako unaifikia kutoka jikoni.

Kuhusu chakula, usimgeuzie meza yote kwa siku moja. Anza na vijiko viwili vya dengu au maharage yaliyoiva hadi kupondeka, ndani ya chakula alichokizoea. Kaa hapo siku nne, tano, ndipo uongeze. Ukimjazia bakuli siku ya kwanza, gesi itamtesa naye atasema mboga ndizo zinazomuua. Maziwa ya mtindi nayo, nusu kikombe, kama maziwa hayamsumbui. Vidonge vya bakteria vinavyouzwa kwa bei kubwa sikushauri uanze navyo.

Kuna jambo jingine la kujaribu. Mtafiti wa lishe Kathleen Holton, wa chuo kikuu cha American University huko Marekani, aliwapa wastaafu 40 wa vita vya Ghuba mlo wenye glutameti kidogo kwa mwezi mmoja, yaani bila viungo vya kukoleza ladha vilivyomo kwenye supu za pakiti, mchuzi wa soya na vitafunwa vya viwandani. Maumivu na uchovu vilipungua. Watu 40 ni wachache, lakini kuondoa pakiti jikoni hakumdhuru mtu.

Na ale amekaa. Kaa naye, mzungumze, maana mtu hawezi kubugia huku anasimulia.

Hospitali lazima arudi, kwa daktari mwingine. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu au maumivu ya kumwamsha usiku ni mambo ya kuharakisha wiki hiihii, wala usisubiri dengu zifanye kazi. Kabla ya kwenda, andikeni daftari la wiki mbili: alichokula na saa, alivyolala, choo kilikuwaje. Mwanajeshi anaijua ripoti, hilo hatalionea haya. Pelekeni na dawa zote anazomeza, hasa za maumivu, kwani baadhi huchubua utumbo, ila asiache hata moja kabla ya daktari kusema. Ingia naye chumbani. Akiambiwa tena ni mawazo, wewe ndiye utakayefungua daftari.

Wiki sita zikipita niandikie, hata kama hakuna kilichobadilika.