Maswali ya Wasomaji: Mtoto anayeona A nyekundu

SWALI: Binti yangu wa miaka tisa anashikilia kwamba A ni nyekundu na 7 ni kijani, ingawa anakiri kitabu kimechapwa kwa wino mweusi. Nimpeleke kwa daktari wa macho? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Hilo si la macho. Kwa maelezo yako, inaelekea ana sinesthesia: hisia moja ikiamshwa, nyingine huitika bila kuitwa. Wapo wanaoona rangi wakisikia muziki, na wachache ambao neno likitajwa huwaletea ladha mdomoni. Wengine, akiguswa shavu mtu mwingine, nao huhisi mguso. Si ugonjwa.

Mara nyingi hurithiwa, ingawa ndugu wawili wanaweza kubishana kuhusu rangi ya A. Mwaka 2001 watafiti wa ubongo Ramachandran na Hubbard walieleza kwamba sehemu ya ubongo inayotambua herufi imepakana na ya rangi, na huenda mawasiliano baina yake yamebaki mengi kupita kawaida. Wapinzani wao husema njia ni zilezile za kila mtu, ila breki zinazozuia hisia kuamshana zimelegea. Hoja yao ina uzito, kwa sababu LSD, dawa ya kulevya, huweza kuleta hali kama hiyo kwa muda, bila njia mpya kujengwa. Mazingira nayo yamo: Marekani wamepatikana watu wazima ambao rangi zao zinalingana na za herufi za sumaku walizochezea utotoni.

Mpime nyumbani. Andika herufi 24 na tarakimu 10, kila moja kwenye kikaratasi chake, kwa penseli ya kawaida. Vichanganye, kisha kwa kila kimoja atie doa la rangi anayoiona, kwa penseli za rangi. Asitaje kwa mdomo tu: “kijani” ni cha mgomba na cha limau pia. Ficha majibu, usimwambie utarudia. Baada ya mwezi, rudia kwa mpangilio mwingine. Mwenye sinesthesia hurudi karibu palepale; anayebuni hupotea upesi. Ukimuuliza kila siku atakariri, na kipimo kitakuwa bure. Herufi kadhaa zikibadilika usishtuke, kwani utotoni rangi bado zinatulia.

Mwambie na mwalimu wake: kadi zenye A ya bluu huweza kumkera kwelikweli.

SWALI: Mtu mzima anaweza kuanza ghafla? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Anaweza, baada ya kupofuka, kupata kiharusi au kutumia dawa za kulevya, kifafa nacho huweza kuileta. Hiyo ni ya hospitali. Ikiambatana na ganzi ya upande mmoja au kupoteza fahamu, nenda saa hiyohiyo.