"Kadi yako imesitishwa": maswali yenu na majibu

Nimepata meseji: "Ndugu mteja, kadi yako ya ATM imesitishwa. Piga namba hii kuihuisha." Ni benki kweli? (Msomaji, Morogoro)

Usisumbuke kutafuta makosa ya tahajia; matapeli wengine siku hizi wanaandika Kiswahili safi kuliko benki zenyewe. Angalia unatakiwa ufanye nini. Namba waliyokupa achana nayo. Geuza kadi yako, nyuma kuna namba ya huduma kwa wateja, piga hiyo.

Mbona yangu imeingia palepale zinapoingia meseji za benki, na jina lao liko juu? (Tanga)

Jina la mtumaji huweza kughushiwa, na simu hupanga meseji kwa jina tu. Jina si ushahidi.

Kijana kanipigia, anajua jina langu hadi tarakimu nne za mwisho za kadi. Anataka tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu, eti azuie wizi. Nimpe? (Mbagala)

Hapana, dada yangu. Hizo nne za mwisho huchapwa hata kwenye risiti za dukani, kwa hiyo kuzijua si ajabu. Kama zile sita zimeingia wakati hujanunua kitu, huenda keshapata namba yote ya kadi, tarehe ya kuisha na tarakimu tatu za nyuma. Amekwama kwenye hizo sita tu, ambazo benki hukutumia ili uthibitishe malipo. Soma meseji yenyewe mpaka mwisho: mara nyingi imetaja kiasi na duka, na utakuta ni malipo ambayo huyajui. Kukuhimiza "haraka mama, haraka" ni kwa sababu tarakimu hizo hufa baada ya dakika chache. Kata simu, kisha ifunge kadi.

Nimeshampa. Sasa? (Hakutaka kutajwa)

Funga kadi sasa hivi, kwenye programu ya benki au kwa kuwapigia. Maelezo marefu baadaye. Badili nywila, pinga muamala kwa maandishi, nenda polisi ukachukue RB (namba ya taarifa yako). Laini ikipoteza mtandao ghafla, kimbilia kampuni ya simu: huenda kuna mtu amesajili namba yako kwenye laini nyingine. Na aibu weka kando, wanaibiwa hata wahasibu.

"Ile hela tuma kwenye namba hii" bado zinakuja. Nifute tu? (Dodoma)

Kabla ya kufuta, ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli. Ni bure.