Nipige Nini Tena Hapa Unguja?

Forodhani, jioni. Vijana wanapiga mbio na kujirusha baharini mmoja baada ya mwingine, nyuma yao jua linazama, na jahazi la kutembeza wageni linakatiza palepale ambapo mpiga picha angelitaka likatize. Ukuta mzima umejaa watu walionyanyua simu. Picha hiyo umeshaiona. Kama umewahi kulala Unguja hata usiku mmoja, basi na yako unayo.

Ndiyo maana vijana wanaoanza kazi hii huniuliza: "Kaka, sasa mimi nipige nini?" Milango ya nakshi imepigwa. Ngalawa zimepigwa. Ule mkahawa ulio juu ya jiwe kule Michamvi umepigwa kutoka chini, kutoka ubavuni na kutoka angani kwa droni. Kima punju wa Jozani nao nadhani siku hizi wanajua kukaa pozi. Mwisho wake kamera iliyonunuliwa kwa kudunduliza inalala kabatini, na kwa unyevu wetu huu wa pwani, lenzi isiyotoka nje huota ukungu ndani ya vioo. Fundi wa kuusafisha ni wa kumtafuta kwa tochi, na akipatikana, bei yake utaikumbuka.

Mimi riziki yangu ni harusi, kwa hiyo niwe na hamu nisiwe nayo, wikiendi natoka. Ninayoizungumzia hapa ni ile picha ambayo hakuna aliyekuagiza. Hamu ya picha hiyo iliwahi kunitoka kabisa, na aliyeirudisha hakuwa lenzi mpya wala safari ya mbali. Ilirudi nilipoanza kuwapigia watu wanaozingojea picha zenyewe. Nitaeleza, maana likisemwa hivi kavukavu linasikika kama maneno ya semina.

Malalamiko ya kwamba mji umekwisha kupigwa ni ya zamani. Msafara wa Mfaransa Guillain ulifika pwani hii na vyombo vya kupigia picha katika miaka ya 1846 hadi 1848, wakati upigaji picha wenyewe duniani ulikuwa bado haujatimiza miaka kumi tangu utangazwe. Karne ya 19 ilipokuwa inaishia, studio za kina Gomes na Coutinho zilikuwa zinauza postikadi za bandari, mitaa na milango, yaani vitu vilevile tunavyoviweka Instagram leo. Basi Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio hapa mjini mwaka 1930, angeweza kabisa kusema wenzake wamemaliza kila kitu. Lakini alikuwa na kazi ya kufanya. Watu walikuja wamevaa, wakakaa mbele ya kamera, wakalipa, wakarudi baadaye kuchukua picha zao. Baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza kazi hiyo. Leo zile sura ndizo zinazomsimamisha mtu, na nyingi ni za watu wa kawaida waliotaka kumbukumbu tu.

Lamu nako kulikuwa na Omar Said Bakor. Mji mdogo, kisiwa kidogo, wateja ni walewale. Yeye akawa anakata picha za wateja wake na kuziunganisha na nyingine mpaka anapata kitu ambacho hakipo duniani. Sijui mtu gani anaweza kutazama kazi ile halafu akalalamika kwamba mtaa wake ni mdogo.

Hao wote walikuwa na kitu kimoja ambacho sisi wenye simu hatuna: mteja mlangoni. Picha ilikuwa na mwenyewe kabla haijapigwa.

Sasa nije kwenye mwani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara ukanda wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Picha zao zimejaa kila mahali na zote ni moja: mwanamke ameinama, kanga ya rangi kali, maji ya buluu, basi. Nami nilikuwa nazo. Siku moja nikasafisha chache, saizi ya postikadi, nikazirudisha Jambiani kwa wenyewe. Bibi mmoja akaipokea yake, akaisogeza karibu na macho, akaiangalia. Nikakaa tayari kupokea sifa. Akasema, "Kamba hii imelegea. Nani kaifunga hivi?" Akamwita mwenzake, mwenzake akaja na mikono imejaa mchanga, wakaanza kubishana juu ya picha yangu, kidole kinaonyesha kigingi hiki, kinahamia kile, kamba hii ya fulani, ile ya fulani. Sura yake mwenyewe wala hakuishughulikia.

Nikaomba nielezwe. Mbegu hufungwa kipande kimoja kimoja kwenye kamba, kamba inavutwa baina ya vigingi viwili vilivyopigwa mchangani. Ikilegea, mwani unashuka unagusa chini na kuharibika. Kwa hiyo kamba iliyokazwa ni heshima ya mtu, na iliyolegea jirani anaiona. Toka siku hiyo nina la kupiga: vidole vinavyofunga, vichwa vya vigingi vilivyochakaa, macho ya mtu anayekagua mstari wa mwenzake. Ufukwe ni uleule ambao nilikuwa nimeuchoka. Kilichoongezeka ni kwamba sasa naujua kidogo, na kwamba yupo bibi wa kunikagua.

Ukikaa nao utajua pia saa zao. Kazi hii inakwenda na bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapotoka mbali. Na hapa kwetu, siku za bamvua, maji hufikia ukavu wake karibu na saa nne asubuhi. Saa nne! Kila mwalimu wa picha kwenye intaneti atakwambia saa hiyo kamera irudi mkobani, usubiri mwanga laini wa jioni. Ushauri huo unafaa kwa nchi ambazo jua linazama kwa kuteleza ubavu. Kwetu linashuka wima, na ule mwanga wa dhahabu wanaousifu haufiki hata nusu saa. Ukiusubiri huo tu, utakuta watu wameshamaliza kazi, wameoga, wamekula, na umebaki wewe na mnazi.

Jifunze jua kali. Mchanga wa pwani ya mashariki ni mweupe na unarudisha mwanga juu, unajaza kivuli cha chini ya kofia na kidevuni. Wapiga picha wa studio wananunua vifaa kwa kazi hiyohiyo. Punguza mwanga kidogo kwenye kamera ili nguo nyeupe isiungue, kisha mweke mtu pale mchanga unapommulika. Wala usilazimishe bahari iwe ya buluu kuliko ilivyo. Inatosha.

Na kuna sababu ya kutochelewa. Maji yakizidi joto mwani unakufa, hasa ule wa aina ya kotoni, na wapo wakulima ambao wamekwisha kujaribu kuuhamishia kwenye kina kirefu zaidi. Ile picha ya vigingi kwenye maji ya magotini, ambayo wewe unaiona imechosha, sina uhakika wajukuu wetu wataweza kuipiga.

Hapo nakumbuka Beit al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na sidhani kama kuna jengo lililopigwa picha zaidi hapa visiwani. Tarehe 25 Desemba 2020 mnara na sehemu ya mbele vikaporomoka wakati ukarabati unaendelea. Jioni ile simu zetu zilijaa picha za jengo, kila mtu anatuma ya kwake, na karibu zote zimepigwa kutoka bustani ya Forodhani, jengo zima, mawingu juu. Mimi nilikuwa natafuta vitu vidogo: ngazi za ndani zilivyolika, mtu aliyekaa kivulini chini ya zile nguzo anapunga upepo. Aliyekuwa na picha ya namna hiyo ni jamaa mmoja asiyejiita mpiga picha hata kidogo. Alimpiga shemeji yake barazani pale, kichwa kimekatwa kidogo, na nyuma ya shemeji kuna kila nilichokuwa nakitafuta.

Kwa hiyo nikiambiwa milango ya Mji Mkongwe imekwisha, huuliza: ya upande upi? Tangu mji uingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 wageni wameipiga milango ile kutoka nje, nakshi, misumari ya shaba, minyororo iliyochongwa pembezoni. Nje ndiko wanakoruhusiwa kufika. Wewe unaalikwa ndani. Mimi kwa kazi ya harusi huingia nyumba nyingi, na nikawa nageuka kuutazama mlango nikiwa upande wa wenyeji. Nyuma hauna nakshi. Ni mbao nene zilizopigiliwa mikingamo, komeo lililong'aa kwa kushikwa, kalenda ya duka ya mwaka uliopita, namba ya fundi bomba iliyoandikwa kwa kalamu, buibui limetundikwa msumarini, na chini msururu wa viatu vya wageni. Huo mlango haumo kwenye postikadi yoyote.

Ukiwa mkaazi una pia kalenda nzima mkononi, mgeni ana wiki moja. Pale Forodhani jua la Juni linazama mkono wako wa kulia, la Desemba mkono wa kushoto, na tofauti yake ni kama digrii 47. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini, na mchana vile vichochoro vya giza vinapata jua mpaka sakafuni kwa muda mfupi. Chagua kichochoro chako, andika tarehe, uwepo.

Au vuka tu barabara. Kamera za wageni nyingi zinaishia Darajani. Ng'ambo ndiko tunakoishi wengi wetu, na yale majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yana mwanga wa ajabu ngazini wakati wa alasiri. Watoto wanarudi madrasa, nguo zimeanikwa ghorofa nzima, mtu anapandisha gunia la mkaa. Sioni watu wakilipiga hilo, na sielewi kwa nini.

Mambo ya haraka haraka. Punguza kutazama picha za wengine kwa muda. Zinakuonyesha kilichokwisha kufanyika, na wewe unatafuta la kufanya. Toka na lenzi moja, au na simu hiyohiyo, ila ukae mahali pamoja mpaka watu wachoke kukuangalia. Salimia kwanza, kwa salamu kamili, si ile ya kupita. Akisema hapana, ni hapana, na usijifanye unapiga ukuta.

Kuna linalowashangaza vijana nikiwaambia: zipo picha zangu ninazozipenda kuliko zote ambazo hamtaziona. Wapo mama wasiotaka sura zao ziingie mitandaoni, na nimewaahidi. Picha inasafishwa, inakwenda kwake, inawekwa kwenye sanduku la nguo au inabandikwa juu ya friji, na kazi imekwisha. Mwanzoni unaona kama hasara. Lakini ukishazoea kupiga kwa ajili ya mtu mmoja, swali la "nani ameshaipiga hii" linakosa pa kukaa. Huyo bibi hajali kama kuna picha milioni za wakulima wa mwani. Ya kwake hakuwa nayo.

Kama hujui uanzie wapi, anzia nyumbani. Mpige bibi yako amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, siku ya kawaida, si siku ya Idi. Usimpange. Piga mkono, piga kifuu, piga pia kile kiti chake kilichovunjika ambacho kila mtu anataka kitupwe naye hataki. Isafishe picha ukampe. Atakachokisema akiiona ndicho kitakachokwambia picha inayofuata iwe ipi, na mara nyingi atakuwa analalamika.

Mimi bamvua lijalo narudi Jambiani na bahasha yangu. Bibi wa kamba ameshanipa agizo kwa simu: safari hii anataka kupigwa amevaa vizuri, kanga mpya, amekaa kwenye kiti barazani kwake, hataki tena kuonekana na nguo za kazi. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba akishamaliza kukaa kitini tushuke wote baharini nimpige akifunga. Amesema atafikiria, ila nije na ile picha ya kwanza nyingine, maana ya mwanzo dada yake kaichukua akaenda nayo Pemba.