Jibu: Kukimbia Kigoma mvua zikichanganya

Salaam ndugu. Umeuliza kama usimamishe mbio zako za Kigoma mjini hadi Ujiji mpaka mvua ziishe mwezi wa tano, maana viatu havikauki na vidole vinatoka malengelenge.

Usisimamishe. Mimi nazipenda hizi mvua: mwili hauchemki kama kwenye jua la Septemba, na wingu likifunguka unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, safi kabisa.

Kwanza angalia radi. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya nyumba au gari, subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mwembe usijibanze kamwe!

Malengelenge yanaletwa na soksi za pamba, zikilowa zinasugua. Vaa nyembamba za nailoni, paka mafuta ya mgando katikati ya vidole. Ukirudi, toa soli za ndani, shindilia magazeti makavu kiatuni, uyabadilishe yakilowa. Usianike jikoni kwenye mkaa, gundi inaachia.

Kwenye miteremko yenye tope fupisha hatua. Barabarani kimbilia kulia, uyaone magari yanayokuja. Malengelenge yakitunga usaha, pumzika, nenda zahanati.