Kwa nini wanaifuta programu yako ya madeni

Ndugu, umesema wenye maduka wanaipakua programu yako ya kuandika madeni, na wiki haijaisha wameshaifuta. Pole. Mimi nina kiduka, nimejaribu mbili za aina hiyo nikarudi kwenye daftari. Mteja kasimama na kilo ya unga mkononi, programu inaniuliza nywila, mara bando limekata. Daftari halina bando.

Anzia hapo. Ifanye kazi bila intaneti, deni liandikwe kwa kugusa mara mbili tatu, na iwe nyepesi kwa simu iliyojaa picha za harusi. Angalia M-Pesa: ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilijulikana kwa kazi moja, kutuma pesa nyumbani, na ilikubali hata kwenye simu ya kitochi. Mengine yalifuata baadaye. Ile michoro yako ya rangirangi itoe kwanza (samahani, lakini nani anaiangalia?).

Kaa dukani kwa mtu siku nzima, usimwelekeze, tazama kidole chake kinakwama wapi.

Ila majina na namba za wadaiwa ni taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022. Muone mwanasheria kabla hujaanza kuzihifadhi kwenye seva yako.