Bastola ya gesi: kulasi inafungwa na nini, na inafunguka saa gani?

SWALI: Jambo sana, Mwalimu. Ninasoma elektromekanika hapa Lubumbashi, naishi komuni ya Kenya. Katika somo la mashine za joto tulionyeshwa mchoro wa bastola ya Desert Eagle iliyokatwa katikati, tukaambiwa inaendeshwa na gesi. Kando yake kulikuwa na Browning GP ya Ubelgiji, tukaambiwa hiyo haiendeshwi na gesi. Sikuelewa. Baruti si inageuka gesi katika zote mbili? Halafu, kama gesi ndiyo inayofungua kulasi, mbona haifungui papo hapo, risasi ikiwa bado ndani ya mtutu? Na kwa nini katika Browning mtutu ndio unaoinama, lakini katika Desert Eagle ni kulasi inayozunguka?

JIBU: Jambo, mwanangu. Umeona vizuri. Nguvu yote ya bastola inatoka kwenye gesi ya baruti, iwe Browning, iwe Desert Eagle. Kinachotofautiana ni njia ambayo nguvu hiyo inapita hadi kufika kwenye kulasi. Katika Browning, gesi inasukuma kichwa cha risasi kwenda mbele, na chuma kinarudi nyuma kwa kani ya mrudisho peke yake, ile uliyosoma katika sheria ya tatu ya Newton. Katika Desert Eagle, mtutu umetobolewa tundu dogo. Gesi kidogo inachepuka hapo, inapita kwenye mfereji wake na kusukuma pistoni. Sisi mafundi tukisema silaha "inaendeshwa na gesi", tunamaanisha hii ya pili tu.

Kwa msomaji asiye wa fani yetu niseme kwamba kulasi ni kile kipande cha chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma na kushikilia ganda la risasi lisitoke. Glisieri ni ule mgongo mzima wa bastola unaoonekana ukirudi nyuma na kwenda mbele. Katika Browning vitu hivi viwili ni chuma kimoja. Katika Desert Eagle kulasi ni kipande peke yake, kimekaa ndani ya glisieri. Uishike tofauti hiyo, maana tutairudia.

Tuulize kwanza kama kuna haja ya kufunga kulasi. Bastola nyingi ndogo hazifungi kitu. Bastola ya mwaka 1900 ya milimita 7.65 ya FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji, aliyoibuni John Moses Browning, inategemea uzito wa glisieri na springi basi. Hesabu yake ni nyepesi. Kichwa cha risasi kina gramu 4.6 hivi na kinatoka kwa mwendo wa karibu mita 300 kwa sekunde. Tuseme glisieri ina gramu 300, na tuache pembeni springi na uzito wa baruti. Kichwa cha risasi kikitembea sentimita 8, glisieri itakuwa imerudi milimita 1.2 tu. Ganda bado limo ndani ya chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu kinachopokea risasi, kuta za chemba bado zinalibana, hakuna hatari.

Sasa chukua risasi ya .50 Action Express, kubwa kuliko zote zinazotumiwa katika Desert Eagle. Kichwa chake kina gramu 19 na kitu, na mwendo wake ni kama mita 450 kwa sekunde. Weka glisieri ya gramu 400 isiyofungwa, mtutu wa sentimita 15. Kichwa cha risasi kinapofika mdomoni mwa mtutu, glisieri itakuwa imerudi milimita 7, na inakimbia mita 22 kwa sekunde, karibu kilomita 80 kwa saa. Ganda limetoka milimita 7 nje ya chemba, nalo ni shaba nyembamba iliyojaa gesi ya mamia ya bari (bari moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa tunayopumua). Litapasuka mbele ya uso wa mpigaji. Unaweza kuongeza uzito wa glisieri hadi hatari iishe, lakini ukipiga hesabu utaona bastola hiyo itakuwa nzito mno kwa mkono.

Upime na shinikizo lenyewe. Risasi ya kawaida ya 9 mm inaruhusiwa kufika bari 2,350 kwa kipimo cha C.I.P., shirika la kimataifa linalosimamia majaribio ya silaha. Injini ya dizeli ya lori la mgodini, silinda ikiwaka, inafika bari 150 hadi 200. Na .44 Magnum, kwa kipimo cha Wamarekani, inafika karibu bari 2,480, ambayo kwenye kitako cha ganda ni msukumo wa karibu tani 2. Tani hizo 2 hazikai hata elfu moja ya sekunde, lakini zinakuja zote. Kwa hiyo lazima kuwe na chuma kinachosema hapana.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanadhani kazi ngumu ya kufunga kulasi ni kupata chuma chenye nguvu. Chuma chenye nguvu kipo. Kinachowatesa wabunifu ni muda. Kichwa cha risasi ya 9 mm kinakaa ndani ya mtutu kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Kulasi inatakiwa ibaki imefungwa muda huo wote na zaidi kidogo, gesi itoke kwa mdomo wa mtutu, shinikizo lishuke. Kisha inatakiwa ifunguke yenyewe, bila mkono wa mtu, ikiwa bado ina nguvu ya kutoa ganda tupu na kupakia risasi nyingine. Ikiwahi kufunguka, ganda linapasuka. Ikichelewa, nguvu imeisha na bastola inakwama.

Browning alilitatua hili kwa kuufanya mtutu na glisieri virudi pamoja. Juu ya mtutu kuna matuta, na ndani ya glisieri kuna mifereji inayoyapokea. Risasi ikilia, vyote viwili vinarudi milimita chache vikiwa vimeshikana. Gesi haina pa kufungua, maana inasukuma mtutu na kulasi kwa pamoja. Baada ya hizo milimita, kichwa cha risasi kimeshaenda zake, na mguu ulio chini ya chemba unagonga kipande cha fremu (kiunzi cha chini kinachobeba mpini na vipande vyote) na kuvuta nyuma ya mtutu kwenda chini. Matuta yanatoka mferejini, mtutu unasimama, glisieri inaendelea na safari peke yake. Ndiyo sababu umeona mtutu unainama. GP, yaani Grande Puissance, ilikamilishwa na Dieudonné Saive kule FN, Herstal, ikatolewa kiwandani mwaka 1935. Browning mwenyewe alifariki huko Ubelgiji mwaka 1926, akiwa kazini.

Katika Desert Eagle mtutu haurudi, umekazwa kwenye fremu. Mtutu usiotembea hauwezi kuinama ili uachie glisieri. Basi kazi ya kufunga inapewa kulasi yenyewe. Kichwa cha kulasi kina meno pembeni, na nyuma ya mtutu kuna nafasi za kuyapokea. Kulasi inaingia moja kwa moja, kisha inazunguka kidogo, na meno yanajificha nyuma ya meno ya mtutu. Ni kama ampuli ya taa ya kusukuma na kuzungusha: ukishaizungusha, huwezi kuichomoa kwa kuvuta hata ukininginia. Ule msukumo wa tani 2 unapita kwenye meno ya kulasi kwenda kwenye meno ya mtutu, unaishia hapo hapo. Glisieri haibebi, fremu haibebi. Mimi napenda sana ufungaji wa namna hii. Hata ile risasi kubwa ya .50 ilitengenezewa ukingo wa kitako wenye kipimo kilekile cha .44 Magnum, ili kulasi ileile ihudumie zote mbili ukibadilisha mtutu na magazini.

Sasa kwa nini gesi haifungui papo hapo? Tundu la gesi liko mbele kidogo tu ya chemba, mahali ambapo shinikizo ni kali, kwa hiyo hofu yako ina msingi. Lakini fuata safari ya gesi. Inaingia tunduni, inatembea mbele ndani ya mfereji ulio chini ya mtutu hadi karibu na mdomo, ndipo inaikuta pistoni. Pistoni inasukuma glisieri nzima, na glisieri ya bastola hii ni nzito, haiondoki kwa kuguswa. Tena ikishaondoka, haifungui kulasi mara moja. Kwenye kulasi kuna pini inayotembea ndani ya mfereji uliopinda wa glisieri. Kwanza glisieri inarudi bure, pini haijasukumwa upande, meno yameshikana bado. Halafu tu ndipo pini inakutana na mpindo, kulasi inazunguka, meno yanaachia. Kucheleweshwa huko, kwenye mfereji, kwenye uzito na kwenye mwendo wa bure, kunatosha kichwa cha risasi kiondoke na mtutu upumue. Mara nyingi wanafunzi wanautazama huo mpindo kama pambo la fundi wa mashine. Ukweli ni kwamba usalama wa mpigaji umekaa kwenye ule urefu mfupi ulionyooka kabla ya mpindo.

Ufungaji huu haukuanzia kwenye bastola. Ni wa bunduki. Kalashnikov ya 1947 inachukua gesi kwenye mtutu, inasukuma pistoni, kulasi ya meno mawili inazunguka. Kulasi ya Desert Eagle kwa sura inafanana zaidi na ile ya M16 ya Wamarekani. Na usifikiri kila bunduki ya gesi inazungusha: FAL, ambayo ni kazi ya Saive huyohuyo, ina gesi na pistoni, lakini kulasi yake inainama kwa nyuma.

Usije pia ukageuza kanuni ukasema kila kulasi inayozunguka ni ya gesi. Auto Mag ya Marekani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina kulasi ya meno inayozunguka, lakini hakuna tundu la gesi. Mtutu wake unarudi kidogo, na mrudisho huo ndio unaoizungusha kulasi. Kufunga ni jambo moja, na chanzo cha nguvu ya kufungua ni jambo jingine. Mbunifu anaweza kuchanganya apendavyo. Wildey, nayo ya Marekani, ina gesi, kulasi ya meno matatu, na pistoni inayouzunguka mtutu kama pete, pamoja na kidhibiti ambacho mpigaji anakizungusha kupunguza au kuongeza gesi.

Halafu kuna P7 ya Heckler & Koch, ya Ujerumani, inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Nayo ina tundu mbele ya chemba, silinda chini ya mtutu, na pistoni iliyoshikana na mbele ya glisieri. Ukiona mchoro utaapa ni bastola ya gesi kama Desert Eagle. Sivyo. Katika P7 gesi inasukuma pistoni kwenda mbele, yaani inaipinga glisieri isirudi. Hakuna meno, hakuna tuta, hakuna kilichofungwa. Shinikizo likiwa juu, gesi yenyewe inaishikilia glisieri. Kichwa cha risasi kikitoka, gesi inatoweka, glisieri inaachiwa. Gesi ileile inayofungua upande mmoja, upande wa pili inazuia. Gharama yake ni joto: ukipiga mfululizo, silinda inapasha fremu mpaka mkono unalisikia.

Pengine utauliza kwa nini bastola za gesi ni chache hivyo. Zinakuwa nzito, Desert Eagle ni kama kilo 2. Zina vipande vingi. Na tundu la gesi linataka usafi: mtengenezaji anakataza risasi zenye kichwa cha plomb tupu kisichovikwa shaba, kwa sababu vumbi la plomb linaziba tundu. Kwa risasi ya 9 mm, mtutu unaoinama unafanya kazi ileile kwa vipande vichache, ndiyo maana viwanda vingi viliufuata.

Kwa mtihani wako, usianze na jina la bastola. Tafuta kwanza kama mtutu umekazwa au unatembea. Ukitembea, fuata unachogonga chini ya chemba, au kinachozungusha kulasi kama katika Auto Mag. Ukikazwa, tafuta tundu. Kama hakuna tundu, glisieri inategemea uzito wake na springi, au kuna kifaa kingine cha kuichelewesha. Likiwepo tundu, chora mshale wa gesi hadi kwenye pistoni, uone inasukumwa upande gani. Ikienda nyuma, kuna meno mahali fulani, yatafute. Ikienda mbele, usiyatafute, hayapo. Na ubaki kwenye michoro: sheria yetu ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi inataka kibali hata kwa bastola kuukuu ya babu iliyosahauliwa ndani ya sanduku, na si mwanafunzi anayepaswa kuifungua ili aone kulasi.