Sharti la elimu ya uraia katika vyuo vikuu vya umma vya Florida: ushauri kwa mnaoanza

Wadogo zangu mliopata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha umma huko Florida, nawaandikia kuhusu sharti moja ambalo halimo katika orodha ya kozi za fani yenu, na ambalo kwa sababu hiyo huwapita wengi hadi muhula wa mwisho. Uwe unasoma uhandisi wa umeme, uuguzi au uhasibu, hutapewa shahada mpaka uthibitishe kwamba unaielewa misingi ya utawala wa Marekani. Kubeba pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hakukuondolei wajibu huo, kwa kuwa sharti linafuata shahada yenyewe na halijali uraia wa anayeisoma.

Historia yake ni fupi, lakini ndiyo iliyoniponza. Sharti lilianza kuwahusu waliojiunga na vyuo mwaka wa masomo 2018–2019, na wakati huo mwanafunzi aliweza kulitimiza ama kwa kusoma kozi inayotambuliwa, ama kwa kufaulu mtihani, kimojawapo kilitosha. Mwaka 2021 bunge la jimbo lilibadilisha sheria, na kuanzia waliojiunga mwaka wa masomo 2021–2022 vinatakiwa vyote viwili, kozi na mtihani. Mimi nilianza msimu wa vuli wa 2021. Kaka mmoja aliyenipokea, ambaye alikuwa amejiunga miaka miwili kabla yangu, aliniambia kwamba nikishafaulu kozi nimemaliza kazi, na kwa upande wake alisema kweli tupu, kwa sababu kila mwanafunzi anahesabiwa kwa sheria ya mwaka aliojiunga. Nilisoma kozi, nikapata B, nikalisahau jambo lenyewe kwa muda wa miaka miwili. Nilipoomba kuhitimu na kufungua ukurasa wa ukaguzi wa shahada kwenye akaunti yangu, kila mstari ulikuwa wa kijani isipokuwa mmoja: mtihani wa elimu ya uraia, haujafanyika.

Nilijiandikisha haraka, nikaingia chumba cha mtihani bila maandalizi ya maana, nikapata maswali 45 kati ya 80. Yanatakiwa 48. Nafasi ya kurudia niliyoipata ilikuja baada ya tarehe ya mwisho ya kuthibitisha wahitimu, kwa hiyo shahada yangu iliandikwa muhula uliofuata, ingawa kozi zote za fani nilikuwa nimezimaliza. Kwa mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, jambo hili lina uzito wa ziada, maana tarehe ya kumaliza masomo iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, haisogezwi kimyakimya. Ukiona utachelewa, ni lazima uende ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla tarehe hiyo haijapita. Ndiyo sababu nawasihi sharti hili mlimalize mwaka wa kwanza au wa pili, kozi ikiwa bado mbichi kichwani.

Kuhusu kozi, mbili ndizo zinazojulikana zaidi: POS 2041, inayohusu serikali ya Marekani, na AMH 2020, inayohusu historia ya Marekani tangu mwaka 1877. Kama ratiba inakuruhusu kuchagua, ushauri wangu ni POS 2041. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya mtihani inahusu mambo yaliyotokea kabla ya 1877: Azimio la Uhuru la 1776, Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, marekebisho kumi ya kwanza yaliyopitishwa 1791 na kuitwa Hati ya Haki, na mijadala ya waasisi kuhusu kuikubali au kuikataa Katiba hiyo. Anayesoma AMH 2020 atagusiwa misingi hiyo, lakini uzito wa kozi uko kwingine, na atalazimika kujisomea mengi peke yake.

Mtihani wenyewe una maswali 80 ya kuchagua jibu na dakika 160, na umegawanywa katika maeneo manne: misingi ya demokrasia ya Marekani, Katiba na matumizi yake, nyaraka za waasisi, na kesi kubwa za Mahakama ya Juu pamoja na sheria na amri za marais zilizobadilisha maisha ya watu. Wanafunzi wengi wa kigeni hukariri yale maswali mafupi wanayoulizwa waombaji wa uraia wa Marekani, wakidhani ni mtihani uleule. Kujua kwamba Seneti ina watu 100 na Baraza la Wawakilishi lina watu 435 hakutakudhuru, lakini swali la kawaida halikuulizi idadi. Linakupa tukio, kwa mfano Rais amekataa kutia saini muswada na Kongresi ikaupitisha tena kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza, kisha linakuuliza tukio hilo linaonyesha kanuni gani, na katika majibu manne utakuta mgawanyo wa madaraka pamoja na udhibiti wa mihimili, vikikaa jirani kama mapacha. Mgawanyo ni kila mhimili kuwa na kazi yake. Udhibiti ni mhimili mmoja kuweza kuuzuia mwingine. Mara ya kwanza nilipoteza maswali kadhaa kwenye mpaka huo tu.

Hapa nataka kukaa kidogo na wenzangu wa Tanzania, kwa sababu yale tuliyofundishwa kwenye somo la Uraia sekondari yanatusaidia upande mmoja na kutupoteza upande mwingine. Mihimili mitatu tunaijua vizuri. Ila kwetu Katiba, katika ibara ya 62, inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge, na waziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Marekani mtu hawezi kuwa mjumbe wa Kongresi na waziri kwa wakati mmoja. Akiteuliwa kuwa waziri, anaachia kiti. Mkenya atalipokea hilo bila shida, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, lakini Mtanzania asipojionya atachagua jibu la nyumbani. Vivyo hivyo neno jimbo: kwetu ni eneo la mbunge, na kule ni karibu na nchi ndani ya nchi, yenye katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama yake ya juu. Unaposoma kwamba madaraka ambayo Katiba haikuipa serikali ya shirikisho yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi, usiwaze Kinondoni wala Nyamagana.

Kesi ndizo sehemu niliyoiogopa na ndiyo niliyoishia kuipenda. Usikariri jina na mwaka peke yake. Kwa kila kesi andika daftarini nani alilalamika, alinyimwa nini, kifungu gani cha Katiba kilitumika na nini kilibadilika. Marbury dhidi ya Madison, 1803: Mahakama ya Juu ilijitwalia uwezo wa kutengua sheria inayopingana na Katiba. Brown, 1954: ubaguzi wa shule kwa rangi uliondolewa uhalali ambao Plessy ya 1896 ilikuwa imeupa utengano wa rangi. Tinker, 1969: wanafunzi waliofukuzwa darasani kwa kuvaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam walishinda.

Nami huanza na Gideon, kwa sababu ni kesi ya Florida yenyewe. Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool mjini Panama City. Alimwambia jaji kwamba hana fedha na akaomba apewe wakili. Jaji akamjibu kwamba sheria ya jimbo inaruhusu hilo kwa makosa ya adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akashindwa, akahukumiwa miaka 5. Kutoka gerezani aliiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli, kwenye karatasi za gereza zenye mistari. Machi 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye kwamba haki ya kuwa na wakili, iliyomo katika Marekebisho ya Sita, inayabana majimbo pia kupitia Marekebisho ya Kumi na Nne. Kesi yake iliposikilizwa upya Agosti mwaka huo, safari hii akiwa na wakili, aliachiwa huru. Ukiielewa hadithi hii umeshashika namna Hati ya Haki, iliyoandikwa kuibana serikali ya shirikisho, ilivyofika kuyabana majimbo. Na hilo huulizwa kwa sura nyingi.

Someni maneno ya msingi kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya mtihani, lakini jieleze kila dhana kwa Kiswahili kwa sauti; ukikwama katikati ya sentensi, ujue hapo hapajaeleweka. Fanyeni mtihani wa majaribio mapema, huku saa ikihesabu, na mkipata chini ya 55 msijiandikishe kwanza. Waliofaulu mitihani ya AP (ya kiwango cha chuo, ifanywayo sekondari) au CLEP (ya kupata krediti bila kusoma kozi) kuhusu serikali ya Marekani wapeleke matokeo rasmi kwa mshauri wa masomo kabla ya kujisajili, kwa kuwa baadhi yake hukubaliwa.

Walio nje ya Florida wasidhani wamepona. Texas inadai krediti 6 za serikali na 6 za historia ya Marekani, na South Carolina ilipitisha sheria yake mwaka 2021.

Baada ya kufaulu, msifunge ukurasa siku hiyohiyo. Matokeo yangu ya pili, 61 kati ya 80, yalichukua zaidi ya wiki kuonekana kwenye kumbukumbu za chuo, na yalionekana baada ya mimi kwenda dirishani kwa msajili na karatasi yangu. Hifadhini nakala ya matokeo, na mfungue ukaguzi wa shahada mpaka muone mistari miwili, wa kozi na wa mtihani, yote imekuwa ya kijani.